Lamy's Diner: Upo Makumbusho, na Bado Unauza Kahawa

Acheni kila kitu mnisikilize: Lamy's Diner ni moto wa kuotea mbali! Mghahawa mzima wa mwaka 1946, uliotoka kiwandani na kaunta yake na stuli zake, umesimama ndani ya makumbusho ya The Henry Ford, Dearborn, Michigan, na wateja wanakula humo. Nimeingia, nimekaa, nimeagiza, na hadi sasa moyo unanidunda!

Wengi hudhani migahawa ya namna hii ni mabehewa ya reli yaliyostaafu. La hasha! Chimbuko lake ni mkokoteni wa farasi. Mwaka 1872, mjini Providence, Rhode Island, Walter Scott alianza kuwauzia chakula watu wa zamu za usiku akiwa ndani ya mkokoteni. Baadaye mikokoteni ikatanuka, wateja wakakaribishwa ndani wasinyeshewe, mwishowe farasi wakafunguliwa na biashara ikatulia mahali pamoja. Viwanda vikaingia kazini: mghahawa unaundwa ukiwa kamili, unasafirishwa hadi kiwanjani, unaungwa maji na umeme, milango inafunguliwa. Ndiyo maana ni mwembamba hivi. Ilibidi upite barabarani!

Katika kazi hiyo, Worcester Lunch Car Company ya Massachusetts walikuwa mafundi wa kutajika. Kati ya 1906 na 1957 waliunda migahawa 651, wakihesabu kuanzia namba 200. Huu ni namba 789. Aliyeuagiza ni Clovis Lamy, mwanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia aliyeota kumiliki mghahawa wake mwenyewe. Vita vikaisha, akaufungua katika mji wa Marlborough.

Sasa sogea karibu, utazame kuta za nje. Hiyo si rangi ya brashi! Ni enameli, ufundi uleule wa sahani na vikombe vya bati vya bibi zetu: unga wa kioo unayeyushiwa juu ya bamba la chuma ndani ya tanuri. Hata maandishi ya Worcester yalichomwa humohumo, ndiyo maana jua haliyafifishi. Ndani, nyuma ya kaunta, chuma cha pua kinameta kiasi cha kujiona uso. Kila kitu kiko mkononi mwa mhudumu, naye hayuko mbali na mteja. Soga haina pa kujificha.

Mghahawa huu ulihamishwa mara kadhaa hadi ukafika Hudson, mji mwingine wa Massachusetts. Mwaka 1984 makumbusho wakauchukua, na Richard Gutman, mwanahistoria anayeijua migahawa hii kama wachache duniani, akaongoza kazi ya kuurudishia sura yake ya 1946. Ulipoonyeshwa mwaka 1987, watu waliutazama tu. Lakini mwaka 2012, jamani, ukaanza tena kuuza chakula!

Hapo ndipo waliponimaliza kabisa. Mghahawa uliokarabatiwa ukafungwa kamba umeponywa nusu. Kazi hukamilika siku mtu mwenye njaa anapohudumiwa. Ukifika Michigan, usiishie kupiga picha. Kaa kaunta, si mezani, agiza kahawa na kipande cha pai, kisha zungumza na aliye stuli ya jirani. Hiyo ndiyo kazi ambayo Lamy aliuagizia!