Mizani ya Sufuria ya Chekechea

Aghalabu mazungumzo juu ya chakula cha mchana cha watoto wa chekechea huanzia kwenye huruma, nami sina ugomvi nayo; lakini huruma haijapata kuivisha maharagwe, wala haimwambii mpishi atie vikombe vingapi vya unga katika maji yanayochemka ili mtoto wa miaka mitano, mwenye tumbo dogo na subira ndogo zaidi, aondoke jikoni akiwa ameshiba kweli. Vyama vingi vya chakula vya wazazi huundwa kwa shangwe mwezi wa Januari na kufa kimya kabla ya masika kwisha, na kila mtu hutafuta wa kumlaumu: mwalimu, mwenyekiti wa kamati, au mama asiyeleta debe lake. Kwa maoni yangu, kinachoviua mara nyingi si watu bali ni vipimo viwili vilivyokosewa tangu siku ya kwanza, yaani kipimo cha msimu na kipimo cha tumbo.

Tuchukue Magoma iwe mfano wetu. Mahali hapa pamo katika wilaya ya Korogwe, kwenye bonde la mto Lwengera, linalotenga Usambara ya Magharibi, iliyo milima ya Lushoto na Bumbuli, na Usambara ya Mashariki, iliyo milima ya Amani, kabla ya mto huo kumwaga maji yake katika Pangani. Wenyeji wa milima ni Wasambaa, ila mkonge wa tambarare uliwavuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi, wale walioitwa manamba, na wengi hawakurudi makwao. Basi darasa moja la awali katika bonde kama hili laweza kukusanya mtoto wa mkulima anayevuna mahindi yake mwenyewe, na mtoto wa kibarua ambaye babaye hana hata hatua kumi za shamba lakini hupokea ujira mwisho wa mwezi. Atakayeandika mchango wa namna moja kwa wazazi wa namna mbili ameshajitafutia deni lisilolipika.

Mvua huja mara mbili, na mavuno kadhalika: mahindi ya masika huingia ghalani mnamo Julai na Agosti, na ya vuli mnamo Januari na Februari. Shule nayo hufungua mwaka wake Januari, wakati mzazi amekwisha kununua sare na madaftari, mahindi ya Agosti yamefika chini ya kihenge, na ya vuli yangali yamesimama kondeni yakikauka. Hapo ndipo kamati huitisha debe. Kumdai mkulima debe la mahindi mwezi wa Januari ni sawa na kumdai mvuvi samaki kabla hajatia nyavu majini, na bado mikutano hufanyika mwaka baada ya mwaka katika mwezi ule ule, kwa kuwa kalenda iliyo ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu ni ya shule, haikuandikwa shambani.

Tuifanye hesabu yenyewe. Tuseme kila mtoto apate gramu 100 za unga wa mahindi kwa siku, gramu 30 za maharagwe, na kijiko kimoja cha mafuta cha gramu tano. Kiasi hicho humpa nguvu ya kalori 500 hivi, zaidi ya theluthi moja ya haja yake ya siku nzima. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha, utapata kilo 19 na nusu za mahindi kwa mtoto mmoja, ambazo kwa vipimo vya bibi zetu ni debe moja na pishi moja. Maharagwe ni karibu kilo sita, au pishi mbili na kitu. Mafuta ni kama lita moja. Darasa la watoto 40 litahitaji magunia manane ya kilo mia yakipungua kidogo. Si mzigo wa kutisha. Nusu ikiletwa mwishoni mwa Agosti na nusu mwishoni mwa Februari, mkulima hatausikia sana. Na kibarua wa mkonge atoe fedha kidogo kidogo kila mshahara, hizo ndizo zinunue mafuta, chumvi, na ujira wa mpishi, vitu ambavyo debe la mahindi haliwezi kuvinunua bila ya kwanza kuuzwa kwa hasara.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti moja: unga uwe dona. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe ya kupendeza macho, robo ya debe au zaidi hubaki mashineni ikawa pumba ya kuku, na pamoja na pumba hiyo huenda sehemu kubwa ya vitamini na mafuta ya kiini. Nimewasikia wazazi wakisema dona ni chakula cha jela. Basi wachague: ama weupe, ama debe la ziada.

Kuhusu ghala nitasema machache, maana kila mkulima wa bondeni ni mwalimu wangu katika jambo hilo. Dumuzi, mdudu aliyeonekana kwanza katika nchi yetu huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutafuna gunia la miezi sita likabaki vumbi. Na dawa yake isiyo na sumu ni mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, uliobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Lakini mfuko huo haufai kitu kama mahindi yaliingia yakiwa mabichi. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Ukambani, na mwaka 2016 ikaua tena kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kamati isiyo na mashine ya kupimia unyevu iwe na chupa ya kioo na chumvi: chupa ikaushwe barabara, itiwe konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, itikiswe, iachwe dakika kumi na tano. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, debe hilo lirudi juani, hata kama limeletwa na mwenyekiti mwenyewe.

Sasa tuingie jikoni, kwenye kipimo cha tumbo, mahali ambapo naona makosa yaliyo mengi zaidi na yasiyosemwa.

Mtu mzima akisikia gramu 100 za unga huona ni kidogo, naye ana haki kwa tumbo lake. Lakini unga hauliwi mkavu. Gramu 40 za unga, zikipikwa uji mwepesi wa kunyweka, hudai maji mengi hata zikafika karibu nusu lita, na mtoto wa miaka minne mwenye kilo 15 hawezi kuimeza nusu lita kwa kikao kimoja. Atakunywa nusu yake, atasema ameshiba, naye hasemi uongo, tumbo limejaa maji. Mpishi akiona hivyo akaukaza uji, mtoto hushindwa kuulamba, hucheza nao, na nzi wakamaliza. Hili ndilo fumbo la uji wa nafaka: mwepesi hauna nguvu, na wenye nguvu haunyweki.

Jawabu lake lilikuwa limekaa katika vyungu vya akina mama tangu kale, nalo ni kimea, kile kile cha togwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, wakisaidiana na wenzao wa Uswidi, waliuchunguza unga huo na kueleza kwa lugha ya sayansi alichokuwa akikijua mwanamke kwa mkono: nafaka inapoota huzalisha kimeng'enya kinachoikata wanga vipande vifupi, na wanga iliyokatwa haishiki maji, basi uji huteremka.

Niliwahi kulishuhudia jambo hili katika jiko moja la mlimani, na sijalisahau. Mpishi alikuwa amesonga uji mzito hata mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Akaiepua, akangoja kidogo hadi mvuke ulipopungua, kisha akanyunyiza vijiko vichache vya kimea cha ulezi huku akikoroga polepole. Kwa muda wa kama kuhesabu mia, mwiko ulianza kuinama, ukalala ubavuni mwa sufuria. Na kile kilichokuwa ugali kikamiminika kama maziwa ya mtindi, bila ya kuongezwa hata tone la maji. Ndipo akairudisha motoni ichemke mara ya pili. Niliuliza kwa nini hakukitia kimea wakati wa kuchemka, akanicheka: "Ukikitia motoni kinakufa, baba. Na usipouchemsha tena baadaye, matumbo yatawauma." Katika maneno hayo mawili mna somo zima, kwani kimeng'enya huharibiwa na maji yanayotokota, ilhali vijidudu vya kimea kibichi huuawa na moto huo huo, kwa hiyo mpango wa hatua ndio ufundi wenyewe.

Kwa namna hiyo gramu 40 za unga huingia katika kikombe cha mililita 200, na kikombe hicho mtoto hukimaliza. Tahadhari ni moja: anayeotesha mtama badala ya ulezi lazima apukutishe machipukizi na mizizi yote baada ya kuanika, maana imo sumu ndani yake.

Fauka ya hayo, mlo ugawanywe mara mbili. Uji unywewe saa nne, na gramu 60 zilizosalia ziliwe na maharagwe kabla watoto wa awali hawajaruhusiwa saa sita. Kamati nyingi hupinga kwa hoja ya kuni, na hoja hiyo ina uzito chini ya milima ambayo misitu yake ndiyo chemchemi ya mito yetu. Lakini kuni nyingi haziliwi na uji. Huliwa na maharagwe ya zamani yaliyotiwa sufuriani makavu. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, sufuria ifunikwe. Magadi huyalainisha upesi, kweli, ila huiharibu vitamini iliyomo, na rangi yake yenyewe haipendezi.

Kwa upande wa sheria njia imenyooka kuliko wengi wadhaniavyo. Vituo vya kulelea watoto mchana vilipewa sheria yake mwaka 1981; Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaiingiza elimu ya awali katika elimumsingi; na Waraka Na. 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada. Wazazi wengi waliusikia waraka huo kwa sikio moja wakadhani na chakula kimefutiwa mchango, hata ikabidi waraka mwingine wa mwaka 2016 ueleze kwamba chakula cha mwanafunzi kimebaki juu ya mzazi. Wenzetu wa jimbo la Tamil Nadu nchini India, chini ya Waziri Kiongozi M. G. Ramachandran, waliamua mwaka 1982 kuwalisha watoto wa vijijini, wa chekechea wakiwamo, kwa hazina ya serikali. Huku kwetu hazina ni kihenge cha mama.

Si kwamba nchi hii haijawahi kujaribu kwa mapana. Mwaka 1983 serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa: watoto wakapimwa uzito hadharani na wanakijiji wenyewe, na vituo vya kulishia vikawekwa palipokuwa na haja. Utapiamlo mkali, uliokuwa karibu watoto sita katika kila mia mwaka 1984, ulishuka chini ya wawili mwaka 1988. Chanjo na matibabu vilisaidia pia. Lakini mimi navutiwa zaidi na ile mizani iliyotundikwa mtini, kwani kamati iliyomwona mtoto akipungua mbele ya macho yake haikuhitaji kuhubiriwa juu ya debe.

Limebaki suala la mtoto ambaye kwao hawakuleta kitu. Nilipokuwa mdogo, katika shule nisiyoitaja, niliwahi kutolewa katika mstari na kikombe changu kitupu kwa sababu hiyo, na ladha ya siku ile ninayo hadi leo. Tukirudi kwenye hesabu yetu, watoto watatu wasiochangiwa katika 40 wanahitaji gramu 300 za unga kwa siku, yaani kila mmoja wa wenzao 37 apungukiwe gramu nane, kiasi cha kijiko kimoja kisichojaa. Mpishi mwenye kikombe cha kupimia kilichotobolewa alama kwa msumari ataziona gramu hizo. Apimaye kwa mkono hazioni, naye hudhani sufuria haitoshi.