Kuflashi, Kudukua au Kufungulia? Uhakiki wa Istilahi za Kugeuza Programu za Kamera

Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki maneno yanayotumika kuelezea kazi moja iliyoingia miongoni mwa wananchi bila ya kupitia darasani, nayo ni kuigeuza programu iliyomo ndani ya kamera ili itoe uwezo uliofichwa, au ili fokasi iliyopotoka irekebike. Tumeuchagua mji wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro kuwa mahali pa kuyapima maneno hayo. Huko kamera ni chombo cha kujipatia riziki kwa wapiga picha za harusi na kipaimara, na pia kwa waongozaji wa wageni wapandao mlima kwa njia za Marangu na Machame. Mtu aliyenunua kamera iliyokwisha tumika kwingine hana wakala wa kumkimbilia, ana fundi tu. Baina yake na fundi liko neno, na neno hilo likiwa na maana tatu, kamera inaweza kupotea.

Yafaa kwanza tukieleze chenyewe tunachokisema. Kamera ya dijitali ni kompyuta yenye lenzi. Kile iwezacho kufanya hutegemea vyuma na vioo vyake, lakini hutegemea pia programu ambayo kiwanda kimeiweka ndani yake. Mfano ulio wazi ni Canon EOS 300D, iliyotoka mwaka 2003. Kamera hiyo ilikaribiana sana na ndugu yake wa bei ya juu, Canon EOS 10D, na zote mbili zilikuwa na picha za pikseli milioni 6.3. Haukupita muda mrefu ila ikatokea programu iliyogeuzwa na watu wasiokuwa wa kiwanda. Mwenye 300D aliyeiingiza alipata kupandisha wepesi wa kuhisi mwanga kutoka 1600 hadi 3200, kuinua kioo cha ndani kabla ya picha ili kamera isitikisike, na kuongeza au kupunguza nguvu ya taa ya flashi. Wala hakununua hata skrubu moja.

Sasa tutazame jinsi tendo hilo linavyosemwa. Wako wasemao kwamba fundi "ameiongezea" kamera uwezo. Usemi huu haufai, kwa kuwa hakuna kilichoongezwa. Mkulima wa Uchagani asingekosea hapa. Maji ya mfongo hutoka mtoni juu mlimani na kupita kandokando ya vihamba vya watu. Zamu ya mtu inapofika hatengenezi maji, bali hufungulia maji. Kitenzi *kufungulia* kinabeba maana yote tunayoitaka, yaani kitu kilikuwapo, kilizuiwa, na sasa kimeachwa kipite. Twapendekeza basi *kufungulia uwezo*, na jina lake *ufunguliaji*. Faida yake ni zaidi ya ufasaha. Asikiaye "kufungulia" atauliza kwanza kama ndani ya kamera yake kuna kitu cha kufunguliwa, ilhali asikiaye "kuongeza" aweza kudhani kwamba kamera yoyote yaweza kupewa chochote, mradi fedha iwepo.

Neno la pili ni *kuflashi*. Limetoka kwa mafundi wa simu, na kwao lina maana ya kufuta programu ya ndani na kuandika nyingine. Hatulidharau neno la mafundi kwa sababu ya asili yake. Lugha yetu imepokea mengi ya namna hiyo na kunawiri. Kasoro yake ni kwamba katika kazi ya kamera nafasi imekwisha kaliwa. Flashi ni taa ya kupigia picha, na flashi ni kile kijiti cha kuhifadhia mafaili. Msomaji na aitafakari sentensi hii: "Faili lilikuwa kwenye flashi, nikaiflashi kamera, sasa flashi inafanya kazi." Mwenye kuisema anajua alichokifanya. Mwanafunzi wake hajui. Tendo lenyewe ni la hatari, kwani betri ikiisha katikati ya kuandika programu, kamera yaweza isiamke tena. Kwa tendo kama hilo twapendekeza *kuandika upya programu*. Ni refu kuliko *kuflashi*, lakini linamwonya mtu kwamba cha zamani kinafutwa.

Je, programu yenyewe iitweje? Katika tafsiri za simu na kompyuta tunakuta *programu dhibiti*. Istilahi hii ni fupi, na hiyo ni sifa. Lakini inabagua nini? Kila programu hudhibiti kitu fulani. Kinachoipambanua hii ni makazi yake, kwa kuwa hukaa ndani ya chombo hata kikizimwa, na bila yake chombo hakiwaki. Kwa hiyo twaona *programu mkazi* ingefaa zaidi.

Istilahi hii inazaa nyingine ya manufaa, nayo ni *programu mgeni*. CHDK, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera ndogo za Canon, hukaa katika kadi ya kumbukumbu na hufanya kazi pamoja na programu mkazi bila ya kuiondoa. Kadi ikitolewa, mgeni amekwenda zake. Magic Lantern, iliyoanza mwaka 2009 kwa Canon EOS 5D Mark II, nayo hupanda kutoka katika kadi, ila huacha alama ndogo ndani ya kamera ili mlango uwe wazi siku nyingine. Aliyegeuza programu mkazi na aliyekaribisha programu mgeni hawakujitia katika hatari moja. Neno *kuflashi* linawafunika wote wawili kwa shuka moja.

Tuje kwenye fokasi, mahali ambapo mlima wenyewe unatutia mashakani. Mteja husema, "Picha zina ukungu." Miteremkoni Kilimanjaro kauli hiyo yaweza kuwa na maana nne. Yawezekana ukungu ulikuwa mlimani, na kamera imesema kweli. Yawezekana lenzi iliyotoka katika baridi imeingia penye joto ikashika umande. Yawezekana ndani ya lenzi kumeota ukungu ule wa kuvu. Na yawezekana fokasi imekosa. Wa kwanza dawa yake ni kungoja, wa pili ni kuiacha lenzi ikauke, wa tatu ni kuifungua na kuisafisha. Wa nne tu ndio unaoweza kuhusu programu, na hata huo si kila mara. Katika kamera zenye kioo cha ndani, fokasi hupimwa na kihisi kilicho mbali na kile kinachopokea picha. Vikipishana kidogo, fokasi huangukia mbele au nyuma ya kitu kwa kiasi kile kile kila mara, na kosa la namna hiyo laweza kusahihishwa kwa tarakimu. Canon EOS 50D ya mwaka 2008 ilimpa mwenyewe njia ya kufanya hivyo. 60D ya mwaka 2010 haikuwa nayo. 70D ya mwaka 2013 ikawa nayo tena. Lakini lenzi inayokwenda mbele na kurudi kwa kukosa mahali pa kushika katika weupe wa mawingu haina kosa la tarakimu.

Twashauri basi *ukungu* libaki kwa hewa, *umande* kwa kioo, *kuvu* kwa uozo, na kosa la nne liitwe *kukosa fokasi*. Baadhi ya wafasiri hupenda *kulenga* badala ya fokasi. Hatukubaliani nao, kwani mtu aweza kulenga sawasawa na fokasi ikakosa. Pale kamera inapojitafutia yenyewe, *fokasi ya kujiendesha* inatosha.

Limebaki neno *kudukua*. Kwa asili kudukua ni kusikiliza maneno ya watu kwa siri, na siku hizi limekuwa jina la kuvunja mifumo ya kompyuta ya wengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria kuwa kosa. Mpiga picha wa Moshi aigeuzaye kamera aliyoinunua kwa jasho lake hajaingia nyumbani kwa mtu. Kumwita mdukuzi ni kumhukumu kwa tafsiri. Na aitwe *mgeuzaji*, na kazi yake *ugeuzaji*.

Haya ni mapendekezo. Tunawaomba mafundi na wapiga picha wayajaribu mezani pao, penye kamera iliyofunguliwa na mteja anayesubiri, kisha watuandikie. Istilahi ambayo fundi hawezi kuitumia kumweleza mwenye kamera kwamba "hii haitengenezeki kwa programu" itakuwa haijatimiza kazi yake, hata kama imepangwa vizuri katika orodha.