Kasuku Hewani: Taarifa ya Habari katika Matigari na katika Kenya ya Nyayo

Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari ma Njirũũngi (1986), redio huingia bila kubisha hodi. Watu wakiwa wanakula au wanakunywa, mazungumzo yakianza kunoga, Sauti ya Ukweli hukatiza, ikatangaza maonyo na marufuku ya Mtukufu Ole Excellence, kisha ikanyamaza na kuwaacha wasikilizaji waendelee kana kwamba hapakusemwa neno. Wahakiki wengi wamekichukulia kituo hiki kuwa kielelezo cha uwongo wa dola, wakaishia hapo. Makala haya yanashikilia kuwa usomaji huo ni wa haraka mno. Swali lenye uzito zaidi ni kama tashtiti ya Ngũgĩ humwezesha msomaji kuitambua habari iliyopindwa pale ambapo haikuvishwa jina la kuchekesha.

Majina ndiyo yanayozua shaka. Waziri anaitwa wa Ukweli na Haki. Pana mhariri wa gazeti la ukasuku, na profesa aliyebobea katika elimu ya ukasuku, pamoja na kitabu cha nyimbo za kasuku. Msomaji asiyeijua historia ya Kenya atadhani hii ni chuku tupu. Sivyo. Mnamo tarehe 13 Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri, manaibu wao na kila mtu mwingine waimbe kama kasuku wakimfuatisha yeye, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe enzi za Mzee Kenyatta. Kasuku wa Ngũgĩ, kwa hiyo, hakubuniwa, ameokotwa njiani. Hii ni nguvu ya riwaya, na papo hapo ni udhaifu wake. Mtawala anapokuwa amejikejeli mwenyewe kiasi hicho, mwandishi anayerudia maneno yake huku akiyaongezea sauti hana kubwa analofichua.

Aidha, kituo kinachoitwa Sauti ya Ukweli hakimdanganyi msomaji hata kwa dakika moja. Jina lenyewe limekwisha kumtahadharisha. Hana kazi ya kupima, kulinganisha wala kutilia shaka. Kazi yake ni kucheka. Lakini Sauti ya Kenya, iliyoitwa hivyo tangu 1964 hadi 1989 ilipogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, haikutegemea sana uwongo wa waziwazi. Rais alikuwa kweli amehudhuria harambee ile. Kweli alikuwa amepanda mti, na kweli alikuwa ameipokea ile kwaya ya shule. Upotoshaji ulikuwa katika mpangilio: kwamba taarifa ilifunguliwa kwa Mtukufu Rais siku baada ya siku, njaa, mgomo na kesi za kisiasa zikisubiri zamu ambayo pengine haikufika.

Ulikuwa pia katika sarufi, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana zana ambazo mhakiki wa matini ya Kiingereza huenda asizione. Taarifa za aina hiyo ziliishi kwa kauli ya kutendwa. Wananchi wametakiwa. Wazazi wamehimizwa. Vijana wameonywa. Mtawala ndiye aliyekuwa mtenda katika sentensi ya kwanza, na mwananchi akawa mtendwa katika zote zilizofuata. Mtenda wa pili hakutajwa kwa kuwa hapakuwa na haja. Kila msikilizaji alijua ni nani anayetaka, anayehimiza na anayeonya. Mambo yalipoharibika, kauli hiyohiyo iligeuka kuwa maficho: mtu alikamatwa, kitabu kiliondolewa, mkutano ulitawanywa, na aliyefanya hayo hakuonekana popote katika sentensi. Ni vigumu kuupata mtindo huu katika Matigari. Redio ya riwaya ile hufoka. Ile ya kweli iliongea kwa upole, tena kwa Kiswahili sanifu.

Ulinganisho na kazi nyingine ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wameijua kwa Kiswahili tangu 1967 utasaidia. Katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, nguruwe msemaji wa utawala habadilishi tukio tu. Anabadilisha kumbukumbu ya wanaomsikiliza. Farasi jike anahisi kwamba amri ya kukataza vitanda haikutaja mashuka. Anamwomba mbuzi amsomee ukutani, anakuta mashuka yametajwa, na anahitimisha kwamba kosa ni la akili yake. Msomaji huona jinsi ulaghai unavyofanya kazi ndani ya mlaghaiwa. Wasikilizaji wa Sauti ya Ukweli hawapitii hali hiyo, na pengo hili haliwezi kuzibwa kwa hoja kwamba Ngũgĩ aliandika ngano wala si riwaya ya uhalisia, kwa kuwa kazi ya Orwell nayo ni ngano.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo Ngũgĩ alilitambua vyema kuliko Orwell, nalo ni sikio. Mnamo tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali walikimbilia kituo cha redio jijini Nairobi; siku hiyohiyo masafa yale yale yalitangaza kwamba serikali imeanguka, na kwamba haikuanguka. Nchi ilikuwa ya yule aliyeshika kipaza sauti. Ngũgĩ, aliyekuwa London wakati huo na ambaye hakurudi, aliandika Matigari kwa Kigĩkũyũ akimlenga msomaji na pia msikilizaji, na dokezo lake la mwanzo linamwachia huyo msikilizaji achague nchi na wakati wa hadithi. Riwaya hii inashindana na redio katika uwanja wa redio. Ndani yake, dhidi ya taarifa rasmi kuna uvumi: Matigari ni nani, ni mzee au kijana, ni jitu au ni Masihi aliyerudi? Kila mdomo unaongeza lake, na serikali haina namna ya kuukamata mdomo wa wote.

Mnamo Februari 1987 nakala za riwaya zilitwaliwa na polisi kutoka maduka ya vitabu. Kisa kinachosimuliwa pamoja na tukio hilo kinajulikana mno: kwamba mapema mwaka huo wapelelezi waliripoti kuwa wakulima wa Kenya ya kati wananong'ona juu ya mtu aitwaye Matigari, kwamba ilitolewa amri akamatwe, na kwamba baadaye ikagunduliwa kuwa ni mhusika wa kitabu. Chanzo ambacho wahakiki hukirejelea ni maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe katika tafsiri ya Kiingereza ya Wangũi wa Goro. Huenda kisa ni kweli tupu. Lakini inashangaza kuona wataalamu wanaoichambua kila sentensi ya taarifa ya serikali wakikipokea kisa hiki bila swali, kwa sababu kinawapendeza na kinaipa fasihi ushindi. Kutwaliwa kwa vitabu kunatosha kuthibitisha woga wa dola. Kisa cha amri ya kumkamata mhusika kinastahili kusomwa kama uvumi ulio ndani ya riwaya yenyewe: kwa hamu, na kwa tahadhari.

Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, alikuja kuliona tatizo hili. Katika Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kutoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 2004, Mtawala wa Aburĩria ni habari hata anapopiga miayo mbele ya kamera. Hapo hapana haja ya uwongo wala jina la kuchekesha. Miayo ni kweli, nao ndio uliojaza muda wa matangazo. Riwaya inafunguka kwa nadharia kadhaa zinazopingana juu ya ugonjwa wa ajabu wa Mtawala, wala msimulizi hachagui mojawapo. Uvumi nao umeacha kuwa mali ya wanyonge peke yao. Msambazaji wake mkuu ni polisi, Arigaigai Gathere, ambaye huhadithia wasikilizaji wake mambo ya mchawi kwa namna inayobadilika kadiri wanavyobadilika wao, na kila anapohisi wanaanza kusitasita huapa kwa jina la Mungu, tena kwa Kiswahili.