Nguo za dungu na hesabu ya kukauka

Mvua zinapochanganya, familia nyingi za wakulima wa mpunga wa Ifakara na vijiji vya jirani huhamia mashambani, kwenye tambarare ya Mto Kilombero. Huko makazi ni dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya matope, na hukaliwa miezi kadhaa: kupalilia, kuamia ndege, hadi kuvuna. Kwenye keria ya baiskeli hupangwa kwanza mbegu, sufuria, jembe na chandarua. Nguo hupata nafasi inayobaki, na nafasi hiyo kwa kawaida ni salfeti moja.

Tangu 2018 juu ya mto huo lipo Daraja la Magufuli, mita 384, na kisingizio cha kubeba kidogo kwa sababu ya kivuko kimekwisha. Lakini daraja haliingii shambani. Baada ya lami kuna tope, na kwenye tope kila kilo hubebwa kichwani.

Ukilifungua salfeti la mama mmoja utakuta magauni mawili yaliyochoka, shati la kiume la mikono mirefu la mtumba, doti mbili za kanga, kitenge, sweta, na nguo moja ya kutokea iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwaka 1985 mbunifu wa New York, Donna Karan, alijipatia jina kwa mkusanyiko wa vipande saba vya kumvusha mwanamke kutoka ofisini hadi mwaliko wa jioni. Vyake vilichaguliwa kwa kuoana. Vya dungu huchaguliwa kwa kukauka.

Hapo ndipo penye ufundi. Masika, jinzi ikianikwa chini ya upenu inaweza kumaliza siku mbili mshono wa kiunoni ukiwa bado mbichi na unanuka ukungu. Kanga ni pamba nyepesi. Ikipata jua la saa moja au mbili kati ya manyunyu mawili, inavalika. Kwa hiyo idadi inajipanga yenyewe: moja mwilini, moja kambani, moja kavu ndani. Mwenye jinzi tano ana nguo nyingi zaidi, ila asubuhi ya Aprili huenda akakosa ya kuvaa. Tena kanga hiyohiyo ni mbeleko, taulo, shuka la mtoto, na ikisokotwa ni ngata ya kubebea ndoo. Sijaona vazi lingine linalolipa nafasi yake kwenye mzigo namna hiyo.

Shati la kiume nalo halikuletwa kwa bahati mbaya. Jani la mpunga lina ukingo unaokwaruza, na anayeshinda ndani ya mpunga akiwa na mikono wazi hulijua hilo jioni anapooga.

Na jioni ndiyo saa inayoivuruga hesabu ya kanga. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, wamelifuatilia sana jambo hili bondeni: chandarua humlinda mtu akishaingia kulala, lakini kabla ya hapo yuko nje anapika, anakula, anapiga soga. Mtu akikaa, mbu wengi humwendea miguuni na kwenye vifundo. Ndiyo maana taasisi hiyo ilijaribu hata makubazi yaliyotiwa dawa ya kufukuza mbu, transfluthrin, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Sasa kitambaa chepesi kilichobana ngozi mbu hukitoboa bila shida. Sifa ileile inayoipa kanga ushindi mchana huifanya dhaifu usiku. Hapo huingia kitenge, kizito kidogo, kikifungwa kwa kulegea hadi kwenye vifundo. Kwa wanaume ni suruali nene ambayo haiendi shambani kamwe. Anayeivaa mchana kwa uvivu wa kufua huikosa kavu jua likizama. Kama ningetakiwa kukata mzigo huu, ningeacha gauni moja kabla ya kugusa nguo ya jioni.

Imebaki ile ya kwenye mfuko wa nailoni. Si ya fahari; ni ya msiba, kliniki na ibada, na msiba haupigi hodi. Wapo wasioibeba kabisa, wakitegemea kuazima doti kwa jirani wa dungu la pili. Huo mpango hufanya kazi hadi siku ambayo msiba ni wa wote wawili na kila mmoja anatakiwa kutoka.

Kwa watoto hesabu hukwama. Wanakua ndani ya msimu, wanalowa mara mbili kwa siku, na sare ya shule haina mbadala: shati jeupe halikai jeupe juu ya dungu hata wiki. Wenye uwezo huwaacha watoto wa shule mjini kwa bibi, pamoja na sare zao. Wasio na bibi wa kuwaachia hulitafutia salfeti la pili mahali kwenye keria, na kinachoshuka ili lipate nafasi mara nyingi ni sweta la mama.