Basilika: umbo au cheo?

Kila Juni 3 redio hutangaza misa ya mashahidi wa Uganda, na neno basilika hutufikia hata sisi wa Nambambo, hapa Nachingwea. Wengi hulielewa kuwa ni kanisa kubwa. Mimi naona ukubwa hauhusiki kabisa. Neno hili limebeba mambo mawili, umbo na cheo, na jengo linaweza kuwa na moja likakosa jingine.

Tuanze na umbo. Kwa Kigiriki basileus ni mfalme, na basilike ni kitu cha kifalme. Warumi walilichukua neno wakaita hivyo kumbi zao za kesi na biashara. Basilica Porcia ilijengwa Roma mwaka 184 KK, karibu karne mbili kabla ya Kristo kuzaliwa. Ufundi wa kumbi hizo ni mwepesi kuueleza: ukumbi mrefu wa kati, safu za nguzo, na njia za pembeni zilizoezekwa chini zaidi. Kwa kuwa paa la kati limepanda, ukuta ulio juu ya nguzo hutobolewa madirisha, na mwanga huwashukia watu walio katikati. Mwishoni kuna kishubaka kikubwa cha nusu duara, mithili ya mihrabu ya msikiti. Humo ndimo alimoketi hakimu.

Kaisari Konstantino alipowapa Wakristo uhuru mwaka 313, hawakuiga hekalu. Hekalu la Kirumi lilikuwa nyumba ya sanamu. Watu walibaki nje, na sadaka ikatolewa huko huko nje. Wakristo walihitaji paa la kufunika umati. Hata neno letu kanisa lina wazo hilo la umati: limetufikia kwa Kiarabu kutoka Kiaramu, katika mzizi wenye maana ya kukusanya. Basi wakachukua ukumbi wa mahakama, na mahali pa hakimu akaketi askofu.

Umbo hilo lilifika Zanzibar na Askofu Edward Steere wa Anglikana, mtunzi wa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, ambaye mwaka 1876 aliwaongoza watumwa walioachwa huru hadi kwa jirani zetu Masasi. Kanisa lake la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873, limesimama palipokuwa soko la watumwa. Ni ukumbi mrefu unaoishia kwenye nusu duara. Tatizo lililomkabili ni paa. Nyumba za Mji Mkongwe huezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti hizo huruhusu chumba cha upana wa mita tatu hivi, basi. Steere akaziacha boriti, akajenga dari la tao kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Tao halining'inii: kila kipande humsukuma mwenziwe, mzigo ukamwagikia kuta za pembeni, ndiyo maana kuta lazima ziwe nene. Alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Dari lipo hadi leo. Ni basilika kwa umbo, ila si kwa cheo, maana cheo hicho hutolewa na Papa.

Kanisa la mashahidi la Namugongo, Uganda, ni kinyume chake. Msanifu majengo Justus Dahinden wa Uswisi aliuacha ukumbi mrefu akafuata msonge wa Kiganda: duara, paa likichongoka juu, na nguzo 22 kwa mashahidi 22 Wakatoliki. Lilitabarukiwa 1975, likapewa cheo cha basilika mwaka 1993. Mrumi wa kale asingelitambua kabisa.

Wala cheo hicho si sawa na kanisa kuu la jimbo. Kanisa kuu hufuata kiti cha askofu, na sisi tunalijua hilo kwa karibu: mwaka 1963 liliundwa Jimbo la Nachingwea, na mwaka 1986 likawa Jimbo la Lindi. Kiti kikihama, ukuu nao huhama. Cheo cha basilika hakitegemei kiti. Lakini Kanisa la Familia Takatifu la Nairobi lina vyeo vyote viwili.

Basi ukiingia kanisani usipime urefu wala usihesabu nguzo. Tafuta karibu na altare mwavuli wa hariri wa nyekundu na njano, uliofunguliwa nusu, na kando yake kengele ndogo juu ya mti. Mwavuli huo huachwa nusu wazi ukimngoja Papa.