Maneno yenye kufanana: ndugu ao wageni?

Kuna desturi moja katika mahubiri na mafundisho ya siku hizi, mu Goma na pembeni yake, ambayo tunapenda kuichunguza. Muhubiri anakamata maneno mawili yenye sauti karibu moja, anayafunga pamoja, kisha anajenga juu yao fundisho zima. Watu wanafurahi, wanapiga mikono. Lakini nyumba hiyo imesimama juu ya nini?

Tutwae mufano: Misa ni meza, na mezani mutu anameza. Ni tamu kwa masikio. Lakini Misa ni missa ya Kilatini, na muzizi wake ni mittere, kutuma. Ndilo neno ambalo padri anaagia watu mwishoni: Ite, missa est. Meza ilifika pwani pamoja na Wareno, wanaosema mesa, nayo imetoka katika mensa ya Kilatini. Kumeza hakukutoka Ulaya hata kidogo: ni neno la Kibantu, jamaa ya kumira la Kinyarwanda. Maneno matatu, njia tatu. Ya kwamba Misa ni karamu, hiyo ni kweli, Kanisa linatufundisha hivyo. Lakini ukweli ule hauna lazima ya kuegemea fimbo iliyooza. Mwanafunzi wa sekondari akifungua kamusi yake jioni, atashuku hata yale mengine tuliyomwambia.

Tena maneno yasiyofanana kabisa yanaweza kukutana. Kanisa ni neno la Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wakristu wa lugha ya Kiaramu. Église ya Wafaransa imetoka katika ekklesia ya Kigiriki. Yote mawili maana yake ya kwanza ni mukutano wa watu. Hapa muhubiri angepata chakula kingi, naye anapita bila kuangalia!

Sababu lugha ina sheria zake. Katika Kinyarwanda k inageuka g ikifuatwa na silabi inayoanza na t, s, k na nyingine za namna ile: ndiyo maana wanasema gusoma na guteka, lakini kumira na kuvuga. Mutakatifu wetu alipovuka mupaka akawa mutagatifu. Herufi moja tu iligeuka, na iligeuka kwa sheria ile ile. Kufanana kwa namna hiyo ni ushuhuda. Kufanana kwa sauti tupu ni bahati.

Jambo zito zaidi ni jina Imana. Utasikia wengine wakisema: Imana ni amani, ni amina, basi wazee wetu walikuwa wamekwisha kusikia Kiebrania. Nusu ya maneno hayo ni nzuri: amani, imani, amana na amina ni wa ukoo mumoja kweli, ukoo wa lugha za Kisemiti, wenye maana ya kuwa imara na kuaminika. Lakini Imana haimo ukooni. Katika Kinyarwanda neno hilo lilitumiwa vilevile kwa bahati njema, na hata kwa mnyama wa kuagulia. Kwa miaka mingi Wakatoliki wa Rwanda walisali kwa jina la Kiswahili, Mungu, mbele ya kukubali Imana. Waliosita wakati ule walikuwa angalau wanasikiliza namna watu wanavyolitumia neno. Wapenzi wa amani na amina hawasikilizi kitu, wanahesabu herufi.

Mutu atatuuliza: kuna ubaya gani? Ubaya upo, na sisi wa Kivu tunaujua. Mwaka 1863 Speke aliandika kwamba wafalme wa inchi za maziwa yetu walitoka upande wa Ethiopia. Mwaka 1933 Padri Pagès aliita Rwanda ufalme wa Wahamiti katika kichwa cha kitabu chake. Mwaka 1963 Greenberg alionyesha kwamba hakuna jamaa ya lugha ya namna hiyo. Na kila mutu anajua kwamba Wahutu na Watutsi wanasema lugha moja, ya Kibantu. Lakini hadisi ilikuwa imekwisha kuingia vinywani. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera aliwaambia watu kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya muto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea mu muto ule. Basi mukatekista akitaka kuonyesha kwa neno moja kwamba taifa fulani lilitoka Misri ao Israeli, afunge kwanza kinywa, afungue kamusi.

Kuna kazi ndogo yenye faida zaidi. Mwanamke Musamaria alikuja kisimani kuteka maji. Lakini guteka la Kinyarwanda ni kupika. Kuchota maji wanaita kuvoma. Watoto wetu wengi wa Rutshuru na Masisi wanasikia kwamba mama huyo alikuja kupika maji kisimani, na hawaulizi. Anayesoma Injili ile mbele yao aseme kuchota.