Ukumbusho unaotundikwa ukutani

Katika kijitabu chetu tumezoea kusema juu ya hadisi, ngoma na mila za wazee. Leo tuangalie tablo, ile inatundikwa mu salon juu ya kiti cha baba. Ni pambo tu, ao ni mila nayo?

Kule Lubumbashi, miaka ya 1970, wafanyakazi na makarani walinunua tablo kwa wachoraji wa mtaani. Tablo zile ziliitwa kwa neno zuri la Kiswahili: ukumbusho. Nyingine zilionyesha Mamba Muntu. Nyingine kijiji, nyumba za nyasi, mama anatwanga, wavuvi mtoni. Mwenye kuacha kwao kwa ajili ya kazi alipata kuona kwao kila asubuhi.

Mchoraji mmoja kati yao ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa 1947 katika mji huohuo. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, historia ya inchi katika tablo 101, akizieleza kwa Kiswahili. Leo zinatunzwa Amsterdam. Yeye mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zilipotea.

Sisi tunamsifu kwa jambo hili: hakukubali ukumbusho uwe utamu mutupu. Tuangalie «Colonie belge», aliyoirudilia mara nyingi. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Mzungu anasimama, anaangalia. Mfungwa amelala chini, na askari mweusi sawa yeye anamupiga fimbo. Wafungwa wengine, katika nguo za mistari, wanafanya kazi. Hayo nayo yalikuwa maisha ya kila siku, na watu walilipa pesa zao ili wayatundike nyumbani. Kuna wanaosema nyuso zake zinafanana mno. Ni kweli. Lakini kwa sababu hiyo kila mutu anaweza kumuona baba yake pale.

Wazee wetu pia hawakuficha uchungu. She-Karisi Rureke wa Banyanga, alipoimba Mwindo mwaka 1956 huku Walikale, aliimba mtoto anayekataliwa na baba yake, anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Hakuna aliyemuambia aondoe ngoma ile ili hadisi iwe tamu.

Basi sisi? Tukichora Masisi, tunaweka vilima vya majani mabichi, ng'ombe, maziwa, fromaji. Tukichora Walikale, tunaweka pori na mto. Ni vizuri, na ni kweli. Lakini tangu 1993 tumehama mara ngapi? Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi akiona tablo hiyo atauliza: kama kwetu kulikuwa hivi, kwa nini tulitoka? Tablo isiyoweza kumujibu inamulaza usingizi tu.

Siku moja darasani tuliomba wanafunzi wachore kwao. Mmoja alichora nyumba, mlango wazi, sufuria juu ya mafiga, na hakuna mutu. Karibu tumuambie aongeze watu, maana tablo bila watu tuliiona haijaisha. Kisha tukaelewa, tukanyamaza, tukampa alama zote.

Wachoraji wetu wa Kivu, tunawaomba ng'ombe na vilima, ndiyo. Lakini musisahau mlango ule wazi.